Tisa ya Maulidi

Utingo wa Sita alitoka Ijumaa asubuhi, na kabla ya adhuhuri Maulidi alikuwa ameshampa tisa. Tisa kwa kumi. Wa Tano alipewa tisa. Wa Nne, tisa. Wa Tatu ndiye aliyeharibika kabisa, lori lilikuwa likiruka angani lenyewe kama limepandisha mashetani, naye akapewa tisa. Nikajiuliza kama huyu kijana anajua kuwa duniani kuna namba nyingine.

Utingo ni gemu la simu. Tunalitengeneza mimi na mwenzangu Badru katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Maili Moja, Kibaha. Mchezaji ni utingo wa lori. Lori linapanda kilima, injini inachoka, wewe unaruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi lisirudi. Ukichelewa, mzigo wote uko mtaroni. Basi, hilo ndilo gemu. Toleo la kwanza lilipendwa mpaka madereva wa kweli, wale wanaosubiri kupakia kwenye bandari kavu ya Kwala, walilicheza wakiwa kwenye foleni. Hata mimi nililipenda. Lakini hilo lilikuwa la kwanza. Tangu hapo, kila mwaka tunabadilisha rangi ya lori, tunaongeza kilima kimoja, tunamvisha utingo kofia nyingine, tunaandika "Jipya!" kwenye tangazo, na chini yake tunabandika tisa ya Maulidi.

Maulidi ni fundi simu wa Kisarawe mjini mwenye chaneli ya kuchambua magemu. Akisema gemu ni zuri, vijana wa Pwani nzima wanalipakua. Akisema bovu, sijui inakuwaje, maana sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa gemu lolote lenye jina. Magemu ya mpira ya Ulaya yanayotoka kila mwaka anayapa tisa. Ya vita, ambayo adui ni yuleyule ila amebadilishiwa koti, tisa. Mgeni asiye na jina ndiye anayekula tano na sita.

Yote hayo ningeyavumilia kama nisingekuwa na gemu langu. Langu halina vilima. Lori limeharibika katikati ya msitu wa Kazimzumbwi, dereva amekwenda kutafuta spea, na utingo ameachwa alinde mzigo. Anakaa. Anatafuta maji, anaongea na wapita njia, anajifunza habari za watu ambao siku zote huwa anawapita kwa kasi. Nimelibeba gemu hilo kichwani kwa miaka, na nusu yake nimeshaitengeneza jioni na Jumapili baada ya ibada. Badru hajawahi hata kulifungua. Kila nikimgusia anasema, "Wazo zuri, dada Hono, ila mwaka huu tummalize Utingo kwanza." Tukimmaliza huyo, mwingine yuko mlangoni anapiga hodi.

Mwaka huu nilikataa kunyamaza. Niligoma kugusa Utingo wa Sita mpaka aniruhusu niingize hatua moja ya kwangu, ile ya lori kuharibika msituni. Badru akaruhusu bila kuicheza. Kisha, kwa vile alikuwa amechoka na kelele zangu, akasema, "Tufanye hivi. Siku Maulidi akitupa chini ya saba, tunaachana na Utingo. Tunafanya lako. Hilo ni neno langu." Alisema huku anacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko maneno yenyewe. Ni kama kumwambia mtu utamlipa mvua ikinyesha kutoka chini.

Ijumaa ile tisa ilipotoka, nilifungua kompyuta kumchunguza mchambuzi wetu. Maulidi huwa tunampa toleo mapema, kwa jina lake, na gemu letu hututumia taarifa: mchezaji amefika wapi, amekaa hapo muda gani. Nikaona. Alikuwa ameishia kilima cha tatu. Nikarudi nyuma kwa Utingo wa Tano: kilima cha tatu. Wa Nne: kilima cha tatu. Mtu anaonja kijiko kimoja, anatangaza shughuli nzima ilikuwa tamu.

"Sasa kuna ajabu gani?" Badru aliniuliza. "Vilima vyenyewe si vinafanana?"

Nilitamani kumrushia kibodi. Kesho yake nilipanda bodaboda, tukakata njia ya Kiluvya, nikateremka Kisarawe nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu.

Kibanda cha Maulidi kiko mbele ya nyumba yao. Yeye alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, na mama yake, Bi Mwanahalima, alikuwa kwenye mkeka pembeni anachambua kisamvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Simu imekufa?"

"Simu nzima, mama. Nimekuja kugombana na mwanao."

"Haya," alisema bila kushtuka. "Gombaneni. Kisamvu kikiiva mtapumzika."

Nikajitambulisha kuwa ni Honorata wa Utingo. Maulidi akasimama, akafuta mikono, akanishika mkono kwa furaha ya kweli. Alikuwa mwembamba, mpole, na mdogo kuliko anavyoonekana kwenye video. Nikamwambia nimeona anaishia kilima cha tatu. Furaha ikamtoka usoni.

"Dada, mimi nina wateja," alisema. "Simu hizi haziwezi kujitengeneza."

"Basi usitoe alama. Sema umecheza kidogo."

"Mtu gani anaangalia video ya fundi aliyecheza kidogo?"

"Kwa hiyo unadanganya."

"Sidanganyi! Utingo ni mzuri. Namjua tangu wa kwanza. Na sikiliza, dada yangu. Kuna mwaka gemu la mpira lilinichosha, nikasema ukweli, nikalipa saba. Saba tu, wala si nne! Muulize mama yaliyotokea."

Bi Mwanahalima hakuinua macho. "Walinitukana, mwanangu. Mimi hapa. Matusi mengine ilibidi niulizie maana. Na huo mpira wao wa kwenye simu mimi siujui."

"Kumbe tisa yako ni woga," nilimwambia Maulidi.

"Si woga peke yake." Sasa na yeye alikuwa amepata moto. "Wewe umelichoka kwa sababu unalipika. Aliyekaa mkekani kusubiri kula hajachoka. Kuna mtoto kapata simu mwaka huu, kwake Utingo wa Sita ndiye wa kwanza. Nimwambie ni bovu kwa sababu mimi niliyacheza yale matano? Pilau la Idi je? Kila Idi ni lilelile, na ukilibadilisha watu wananuna."

"Pilau la Idi haliandikwi 'Jipya!' ubavuni mwa sufuria."

Bi Mwanahalima akacheka mpaka majani yakamponyoka. "Hapo kakuweza, baba."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshapata nguvu. "Wewe unasifu, sisi tunatia maji. Kila mwaka. Nani atatukataza kama si wewe?"

"Kumbe mnajua mnatia maji," alisema Maulidi taratibu. "Sasa mnafunga safari kuja kuniuliza mimi?"

Nikakasirika zaidi. Nikamwambia ninachotaka ni kitu kimoja: alicheze gemu lote, mpaka mwisho, halafu aseme atakachosema.

"Kuna kitu unataka kukisikia," alisema.

"Nataka ukweli."

"Hata kama ni mchungu? Maana nikikushusha, watakaonitukana ni watu wako."

"Hata kama ni shubiri."

Kisamvu kilikuja na wali wa nazi. Nilikula mpaka nikaona aibu, Bi Mwanahalima akaniongeza bila kuniuliza. Makubaliano yangu na Badru sikuyataja. Niliona hayamhusu.

Nikarudi Kibaha, na kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kuchungulia taarifa za Maulidi. Alivuka kilima cha tatu. Alivuka cha nne. Kwenye cha tano aliangusha mzigo mara nyingi, nikamshangilia kama mtoto wangu. Kisha akafika msituni, kwenye hatua yangu. Na hapo akakaa.

Akakaa kweli. Vilima vilimchukua dakika chache chache, lakini msituni saa ilipita, ikaja nyingine. Kesho yake akarudi palepale, akakaa tena mchana mzima. Nilimwita Badru aje aone kwa macho yake.

"Umeona? Hapa hakuna jiwe, hakuna tairi, na hatoki! Amenogewa."

Badru aliangalia, akakuna kidevu. "Labda," alisema. Nilimwona ameanza kuingiwa na wasiwasi. Nilishaanza kuisikia video nzima: vilima vimechosha, lori ni lilelile, ila kuna mahali pamoja, ndugu zangu, kuna mahali pamoja pana roho. Nilijua mpaka sauti atakayoitumia.

Video ilitoka Jumatano. Tuliiangalia pamoja, mimi na Badru, viti vimegusana.

Maulidi alianza kwa kuomba radhi. Alisema alikuwa akiyapa magemu alama bila kuyamaliza, na kwamba dada mmoja amemfungia safari na kumsema mbele ya mama yake. Nikatabasamu. Akasema amemcheza Utingo wa Sita mpaka mwisho. Vilima, alisema, ni vilevile, na yeye anamshukuru Mungu ni vilevile. Kilima cha tano kilimtoa jasho. Jiwe bado linatoa ule mlio wake mtamu likibana tairi. Kofia ni mpya, haimsumbui mtu. "Hadi hapo," alisema, "tisa ilikuwa tisa, sikuwadanganya."

Tabasamu langu likaanza kuniuma mashavu.

"Halafu kuna mahali lori linaharibika," Maulidi akaendelea. "Ndugu zangu, hapo sijui walikuwa wanafikiria nini. Unakaa. Anapita mzee, mnasalimiana. Unakaa. Anapita mama na kuni, anakueleza habari za mjomba wake. Nililala. Wallahi nililala na simu kifuani. Nikasema labda ni uchovu, kesho yake nikarudi, nikalala tena. Mama ndiye aliyeniamsha. Nikamwonyesha, naye akaniuliza, huyu kijana kwa nini asitembee tu arudi kwao?" Akacheka kidogo, kwa huruma, kama anayecheka msibani. "Mimi natoa sita. Sita, na ni kwa ajili ya hapo tu. Wangepaondoa, mambo yangekuwa mazuri."

Badru alizima sauti. Alinyanyuka, akaenda kwenye ubao ulioandikwa mipango ya Utingo wa Saba, akaanza kuufuta.

Mimi nilichukua simu yangu. Kwa jina la bandia niliandika chini ya video: "Huyu hajui gemu. Arudi kwenye simu zake mbovu." Najua mnataka kuniambia habari za mkuki na nguruwe. Msiniambie. Maneno yangu yalipata vidole gumba kwa haraka kuliko chochote nilichowahi kuandika maishani, na watu wa Utingo walijaa hapo, watetezi wetu, wale ambao nilikuwa nikiwadharau kwa kupenda kitu kimoja miaka yote. Mara mmoja akanijibu. Aliniunga mkono, kisha akaongeza jambo kuhusu mama yake Maulidi, jambo ambalo Bi Mwanahalima angelazimika kuulizia maana.

Nilifuta langu. La yule mtu lilibaki.

"Haya," Badru alisema. Ubao ulikuwa mweupe. Alivuta kiti chake, akakaa karibu yangu. "Neno ni neno. Nionyeshe gemu lako."

"Si umemsikia alivyosema?"

"Nimemsikia Maulidi. Mimi sijaliona. Nionyeshe."

Miaka yote nilikuwa nikiisubiri sentensi hiyo, na sasa nilitamani aimeze. Nikalifungua. Nikampa simu. Lori likakata moto msituni, dereva akaaga, utingo akakaa juu ya gunia. Badru alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akapita mzee, wakasalimiana. Akapita mama na kuni. Mimi nilikuwa siangalii simu, nilikuwa naangalia macho yake. Alipofika kwenye habari za mjomba, taya zake zikajikaza, pua ikatanuka, na mwayo mkubwa ukampanda. Aliuzuia. Ukarudi. Akajifanya anapangusa ndevu, akaupitishia nyuma ya kiganja, macho yakajaa maji.

Alicheza mpaka mwisho wa nusu niliyotengeneza. Sikumwomba, lakini alicheza. Kisha akaiweka simu mezani kwa upole mkubwa.

"Zuri, dada Hono," alisema. "Zuri sana. Kwangu mimi, tisa."

Nilimwambia atoke nje.