Bakuli Halirudi Tupu

Mimi ni fundi cherehani, na meza yangu inatazamana na dirisha la wifi yangu, ng'ambo ya barabara. Macho hayana pazia, kwa hiyo msiniulize haya nimeyajuaje. Wifi, mke wa kaka yangu, anapika chakula cha mchana na kukiuza pale dirishani, watu wanabeba wanakwenda kula kwao. Miaka yote alikuwa akiwafungia kwenye vile vyombo vyeupe vya plastiki vya kula na kutupa. Mvua za mwaka huu zikavikusanya kwenye mtaro wetu, mtaro ukaziba, na maji yakaingia jikoni kwake yamebeba vyombo vyake mwenyewe. Nilimwona amesimama na ufagio, kimoja kinaelea kikimzunguka miguuni kama kinaomba kujazwa tena.

Akauza friji, akanunua mabakuli ya stili yenye vifuniko.

"Unabeba, unakula, unaosha, unarudisha," aliwatangazia wateja. Wote waliitikia vizuri mno. Mabakuli yakaondoka, na hayakurudi.

Rafu ikabaki wazi. Mbaya zaidi, wateja nao walianza kupungua. Wifi akawa anakoroga sufuria kama ana ugomvi nayo.

"Wezi," aliniambia. "Mtaa mzima wezi! Haya machache yakiisha narudi kwenye plastiki, na friji langu ndiyo limekwenda hivyo."

Nilimwonea huruma, lakini kuna kitu kilinikereketa. Mwizi ninayemjua mimi ana macho makavu, anakusalimia na mali yako iko mfukoni mwake. Hawa walikuwa wanahamia upande wangu wa barabara wakilikaribia dirisha la wifi, wameinama wanatazama viatu. Mtu aliyekuibia anaona aibu ya nini? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nikafunga cherehani.

Nilianza na fundi baiskeli, nikajifanya nampelekea suruali niliyoitia kiraka. Bakuli lilikuwa juu ya redio yake, limesuguliwa likang'aa, limefunikwa kitambaa.

"Fundi, hilo si la wifi yangu?"

"Lake. Nitampelekea."

"Nipe basi, mimi naelekea hukohuko."

"Aa, dada, acha tu. Nitampelekea mwenyewe mambo yakikaa sawa."

Mambo gani? Nikaenda kwa nesi. La kwake lilikuwa kabatini, katikati ya glasi za wageni. Aliniambia atalirejesha mwisho wa mwezi. Bakuli linasubiri mshahara! Nikatoka pale kichwa kinaniwasha.

Kwa mwalimu mstaafu sikuuliza. Niliona bakuli mezani, nikalichukua. Naye akalishika upande wa pili. Tukavutana, mimi na mtu aliyenifundisha kusoma.

"Mwalimu, achia."

"Uende nalo tupu? Mimi nililelewa!"

"Lakini chakula ulinunua, Mwalimu."

"Chakula nilinunua. Bakuli niliazimwa." Akalikumbatia kifuani. "Chombo cha mtu unakirudisha na kitu ndani, hata chumvi. Mkono mtupu haulambwi. Sasa yule anayepikia mtaa mzima nimpelekee nini? Maharage yangu yaliyoungua?"

Kumbe ndiyo maana plastiki ilitupendeza. Unakula, unatupa, hakuna anayekungoja.

Nilivuka barabara mbio nikamsimulia wifi, nikidhani tutacheka mpaka mbavu ziume. Hakucheka. Aliweka upawa chini, akapanda kigoda, akatoa kitu juu kabisa ya kabati. Bakuli la kijani, la bati, limebanduka rangi ukingoni. Nililijua lile banduko, maana nililiangusha mwenyewe nikiwa mdogo. Lilikuwa bakuli la mama.

"Mama mkwe aliniletea uji humu nilipojifungua mtoto wa kwanza," alisema. "Kila nikitaka kulirudisha naona nilicho nacho hakimfai. Nikasema ngoja nipate cha maana. Nikangoja, wifi, mpaka akafa."

Akakaa kwenye kigoda, bakuli mapajani. "Halafu mimi ndiye ninayewaita watu wezi."

Nililia, sifichi. Alilia na yeye, na mboga ikaungua.

Asubuhi yake alitoa kichwa dirishani akapaza sauti mtaa mzima ukasikia.

"Jamani, nafuga kuku! Bakuli lirudi na maganda. Ya ndizi, ya viazi, chochote. Asiye na maganda simpokelei!"

Kuku wenyewe hakuwa nao. Ilibidi akaazime wawili kwa nesi kabla ya saa ya chakula, asije akaonekana mwongo. Lakini watu walikuja, wameinua vichwa. Fundi baiskeli alileta maganda ya ndizi yaliyokunjwa vizuri kuliko suruali zake. Mwalimu alileta maganda ya mayai, ameyaosha. Rafu ikajaa, na wenye kurudisha wakanunua tena.

Jioni wifi alivuka barabara amelishika bakuli la kijani kwa mikono miwili. Lilikuwa na uji, wa moto.

"Mama hayupo, nakurudishia wewe," alisema. "Nimechelewa."

Niliunywa wote peke yangu, polepole. Nikaliosha bakuli, nikalifuta, na mkono wangu wenyewe ukalinyanyua kuliweka juu ya kabati. Ngoja nipate cha maana, nikawaza.

Nikalishusha palepale. Nilimenya viazi ambavyo sikuwa na haja ya kuvipika, nikavuka barabara na maganda.

Wifi alifunua bakuli, akachungulia, akanitazama.

"Umewahi," alisema.