Sura ya Mama Kuondoka

Msusi alifika maktaba ya umma kabla viti havijapangwa. Saluni alikuwa amemwachia mwenzake, na mteja ambaye nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimetimka. Mlangoni pa maktaba palibandikwa tangazo: mazungumzo na mwandishi, kiingilio bure, wote mnakaribishwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomkera. Mwandishi mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na kitabu chake kilihusu nyumba yao.

Alimkuta kati ya rafu, anapekua kurasa.

"Usisome ile sura ya mama," akamwambia, hata salamu hakutoa.

"Dada, kitabu kimeshachapwa. Yeyote anaweza kukisoma."

"Akisome kwake, mlango umefungwa. Hapa ni mbele za watu."

Mdogo mtu akafungua kinywa ajibu, lakini mkutubi akaja kumwita.

Walipokuwa watoto, mama yao aliondoka nyumbani akakaa mbali karibu miaka miwili. Kisha akarudi, akaingia jikoni, maisha yakaendelea kana kwamba alikuwa ametoka kuchota maji tu. Majirani walipouliza, aliyejibu ni msusi, kwa kuwa ndiye mkubwa: mama yuko hospitali ya mbali, anatibiwa kifua. Uongo ule aliulea ukakua, akaolewa nao. Mpaka leo mumewe akimpigia mkwewe simu, kwanza humuuliza hali ya kifua.

Ukumbi ulipojaa alikaa nyuma. Kiti kikalia kila alipojigeuza, akahamia karibu na mlango. Akatoka kunywa maji, akarudi, akatoka tena bila kiu. Aliporudi mara ya pili ndipo alipomwona mama yao safu ya mbele, mkoba mapajani, katulia kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Akapenya katikati ya magoti ya watu hadi kwake.

"Mama, twende nikupeleke nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Hujui anachotaka kusoma."

"Najua. Keti basi, unawaziba wenzako."

Akaketi. Mdogo wake akaanza kusoma. Msusi alijiandaa kwa aibu ya mama, lakini aliyesomwa alikuwa yeye. Alisomwa binti mkubwa aliyejifunza kusuka kwenye kichwa cha mdogo wake, kwa kuwa wa kusuka hayupo. Binti huyo kila jioni alileta habari za hospitali: leo mama amekula, leo ameketi, leo ameuliza kama unalia ukichanwa. Na mdogo akawa halii, ili habari njema zimfikie mama. Msusi aliinamisha uso. Yale maneno aliyatunga yeye, na alidhani yamekwisha siku ile ile aliyoyasema.

Wakati wa maswali, mzee mmoja mwenye miwani akauliza, "Huyo mama aliugua kweli?"

Mwandishi akamtazama dada yake. Mama yao akasimama polepole.

"Huyo mama ni mimi. Sikuugua. Nilichoka na ndoa, nikaondoka. Nilirudi kwa ajili ya hawa, nikakuta wameshanitibu."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Msusi alitoka nje.

Mama alimfuata hadi ngazini.

"Miaka yote hii umeniacha niseme uongo," msusi akasema. "Kwa nini hukunizuia?"

"Kila nilipotaka kusema, ulikuwa umeshanijibia. Mwishowe nikaona raha kujibiwa. Hapo nilikukosea, mwanangu."

Msusi alishuka ngazi mbili, akapanda moja, kisha akaingia ndani akapanga foleni pamoja na wageni waliotaka kitabu kitiwe sahihi. Zamu yake ikafika.

"Nikuandikie nini, dada?" mdogo akauliza.

"Usiandike kitu. Njoo kwangu Jumapili. Yako mengi ya miaka ile niliyokuficha."

Sauti ya mama yao ikatokea nyuma. "Na mimi nije?"

Msusi akampisha aliyefuata kwenye foleni.

"Njoo," akasema. "Ila safari hii utasema mwenyewe."

Akarudi saluni kwa miguu, akienda mbio bila kukimbizwa na mtu.