Namba Sita za Pini

Kwa siku tatu mfululizo Bwana Picha aliomba kitu kimoja, na kwa siku tatu Mama Mapazia alimpiga chenga. Siku ya kwanza alisema miwani imepotea, na miwani yenyewe imemkalia utosini. Siku ya pili simu haikuwa na chaji. Siku ya tatu mtandao ulikuwa unasumbua, na hapohapo simu ikalia mezani kwa meseji ya mteja, ikamuumbua mchana kweupe.

"Mama," Bwana Picha alisema, akivuta kiti karibu na meza ya kukatia, "umeniajiri nisimamie ukurasa wa duka mtandaoni. Sasa nitaingia kupitia wapi, dirishani?"

Alikuwa mtu mzima huyu. Alipiga picha za harusi miaka kumi na tano kabla ya kuhamia kazi ya kuendesha kurasa za wafanyabiashara, na hakuwa na haraka na mtu. Hilo ndilo lililomuudhi Mama Mapazia. Mwenye haraka ungemkasirisha kidogo tu akaondoka zake.

Na wala hakuwa na kosa. Mama Mapazia mwenyewe ndiye aliyemwita, baada ya kugundua kwamba hoteli moja iliulizia mapazia ya vyumba arobaini kwenye ukurasa, swali likakaa wiki mbili bila jibu, hoteli ikaenda kwingine. Vyumba arobaini! Siku hiyo alilia, tena kilio cha sauti. Duka gani litasimama kwa mtu anayefungua ukurasa mara moja kwa mwezi?

Ila hiyo mara moja kwa mwezi, jamani, ndiyo iliyokuwa imeshika roho yake.

Ukurasa ule ulifunguliwa na binti yake, aliyeitwa Pini tangu utotoni kwa tabia ya kubana pini midomoni kama mama yake, hata pale asipokuwa na cha kushona. Pini ndiye aliyepiga picha za mapazia, ndiye aliyejibu wateja, na laini yake ndiyo iliyoandikishwa kupokea namba za uthibitisho. Kisha Pini akapata kazi mbali, kwenye kiwanda cha nguo. Mama akakataa. Pini akafunga begi. Na mama, kwa mdomo wake ule usio na breki, akamwambia mbele ya wateja wawili: "Ukivuka huo mlango, usinitafute."

Pini akavuka. Na kwa kuwa ukaidi alirithi palepale nyumbani, hakumtafuta.

Mwezi wa nne baada ya hapo, simu ya Mama Mapazia ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Alipopata nyingine na kutaka kuingia kwenye ukurasa, akadaiwa namba sita, zilizokuwa zimetumwa kwenye laini ya Pini. Alikaa na simu mkononi saa nzima. Mwisho akaandika maneno mawili: Naomba namba. Dakika haikuisha, zikaja namba sita. Hakuna salamu, hakuna hata nukta. Lakini zimetoka kwenye vidole vya mwanawe. Yuko hai, na amemjibu mama yake.

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, Mama Mapazia alijitoa kwenye ukurasa makusudi. Kisha: Naomba namba. Na namba zinakuja. Alizinakili kwenye daftari la vipimo, moja chini ya nyingine, miaka mitatu. Kupiga hakuthubutu. Aliyesema usinitafute ni yeye. Sasa apige, halafu simu ikatwe, uso angeuweka wapi?

Bwana Picha, katika kungoja kwake, alikuwa analipekua daftari lilelile. Kila mteja aliandikwa jina, upana, urefu, na upande linakotazama dirisha, maana Mama Mapazia alitaka kujua kama jua linapiga, ndipo aamue kuweka bitana, kitambaa cha pili cha nyuma cha kukinga jua, au kuacha.

"Haya ya nyuma ni ya nani?" aliuliza. "Hayana jina wala upande. Mia nane arobaini na moja kwa mia mbili na saba. Mama, hilo ni dirisha au geti la uwanja wa mpira?"

Mama Mapazia akamnyang'anya daftari. "Hayo hayakuhusu."

"Haya, yaishe. Namba za uthibitisho zinakwenda kwa nani?"

"Kwa mtu aliyefanya kazi hapa zamani."

Neno halijamtoka vizuri, akajichukia. Miezi tisa tumboni, na wiki nzima ya surua bila kulala, leo hii ni mtu aliyefanya kazi hapa.

"Basi huyo lazima tumtoe," Bwana Picha alisema kwa upole. "Mwenye laini hiyo ndiye mwenye ufunguo wa duka lako. Laini ikipotea, umekwisha. Tunaweka ya kwako, mimi unanipa nafasi ya msimamizi, siku ukinichoka unaniondoa. Tunamwomba namba mara moja tu, ya mwisho."

Ya mwisho. Mama Mapazia alishika ukingo wa meza. Alitaka kumwambia akusanye vitu vyake aende. Lakini akaona marobota yaliyojaa rafu mpaka juu, akakumbuka vyumba arobaini.

"Bonyeza," alisema.

Bwana Picha akabonyeza kwenye kompyuta yake. Mama Mapazia akaandika maneno yake mawili. Wakangoja. Dakika ya kwanza ikapita, ya tatu ikapita. Haijawahi kutokea. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Bwana Picha alitazama saa na kusema namba ikifikisha dakika kumi haifai tena. Zilipofika kumi, simu ikalia.

Hazikuwa namba. Pini alikuwa ameandika: Mnanitoa?

Bwana Picha alichungulia. "Ameletewa taarifa kwamba laini yake inaondolewa. Mjibu tu ndiyo, ni mambo ya usalama."

"Huyo ni mwanangu," alisema Mama Mapazia.

Bwana Picha alimtazama, akalitazama daftari. Akafunga kompyuta taratibu, akasema ghafla ameshikwa na kiu, akatoka nje.

Mama Mapazia akapiga. Iliita, ikaita, mpaka akataka kuikata mwenyewe. Kisha ukaja mvumo wa vyerehani vingi, na sauti ndani yake.

"Mama?"

Maneno aliyoyapanga miaka mitatu yakayeyuka yote. "Hakuna anayekutoa," alisema.

"Imeandikwa hapa."

"Ni ukurasa tu. Nimeajiri mtu. Pini, mimi nilikuwa natoka makusudi. Kila mwezi. Ili uniandikie."

"Najua, mama. Nani anasahau kila mwisho wa mwezi, saa ileile? Hii laini nimeiweka kwenye kisimu cha vitufe. Hakuna mwingine anayeipiga. Siku yako ikifika naomba ruhusa ya chooni, nakwenda nacho."

Mama Mapazia akalia bila kujificha, pale kaunta, mlango wazi. "Nimekukumbuka, mwanangu. Nimekukumbuka mpaka naumwa. Nisamehe huu mdomo."

"Na mimi nimeukumbuka huo mdomo," Pini alisema. "Huku hakuna wa kunigombeza vizuri."

"Unarudi lini?"

"Mkataba bado miaka miwili."

Miwili. Mama Mapazia aliubana mdomo wake usilaumu, na kwake yeye hiyo ilikuwa kazi kubwa.

"Mwambie huyo mtu wako atume tena," Pini alisema. "Nitakusomea. Mnitoe, mama, duka lifanye kazi. Nipigie tu."

Bwana Picha akaitwa, akabonyeza. Pini alisoma namba mojamoja, na mama yake akamwambia arudie mara tatu, ilhali alisikia tangu mara ya kwanza. Laini ya Pini ikafutika kwenye skrini. Mama Mapazia alipatazama pale ilipokuwa, moyo ukamwuma hasa.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Andika nyingine. Mia moja ishirini kwa mia mbili na kumi. Dirisha la chumbani kwangu. Tangu nifike nimetundika shuka."

Mtoto wa Mama Mapazia, shuka dirishani! Siku nyingine angemsema mpaka jioni. Aliandika vipimo chini ya zile namba zote, na safari hii akaweka jina. Kisha akauliza anavyomuuliza kila mteja: "Linatazama wapi?"

"Ukuta wa jirani. Jua halifiki."

"Basi halihitaji bitana."

"Weka, mama," Pini alisema, na sauti ikamkatika. "Weka tu."