Utepe wa Chumba cha Mbu

Mama Mbu aliinua sanduku la kwanza, akaligeuza, akatafuta utepe. Hakuna. La pili, la tatu, vilevile. Masanduku yote ya wavu yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye rafu zinazonuka rangi mbichi, na hata moja halikuwa na utepe.

Wenzake katika taasisi ya utafiti walimwita Mama Mbu kwa sababu ndiye aliyewalisha mbu. Kila asubuhi alitia mkono sandukuni, mbu wakanywa wakashiba. Lakini si wote. Kulikuwa na mbu safi, na kulikuwa na wale waliopewa malaria ya utafiti, ile sugu inayozicheka dawa. Masanduku ya hao aliyafunga utepe mwekundu kwa mikono yake.

Mfagiaji, ambaye habari za taasisi nzima hupitia kwake kwanza, ndiye aliyemweleza. Jana, vitu vikihamishiwa jengo jipya, wapambaji waliishiwa utepe. Wakaona huu umefungwafungwa kwenye masanduku, wakaufungua, wakauunganisha. Sasa ulikuwa mlangoni ukimsubiri mgeni rasmi.

“Na umependeza kweli, dada,” akatania. Kisha akamtazama usoni, macho yakamshukia tumboni. Yeye peke yake alijua kilichofichwa chini ya lile koti jeupe: mimba ya miezi mitano. Ikijulikana, mkataba hauvuki kwenda jengo jipya.

Mkurugenzi akaingia na suti mpya, akijifuta jasho. Mashine ya kulishia mbu, iliyochorwa kwenye kila bango la taasisi ya kesho, haikufika. Wenye midomo walisema ilifika, ila nyumbani kwa mtu, na ina magurudumu manne. Kwa hiyo wageni wangeonyeshwa mkono wa Mama Mbu ukilisha, kupitia kioo.

“Bosi, sijui sanduku lipi ni safi. Tepe zimetolewa.”

“Chagua moja.”

“Nikikosea?”

“Wewe si ndiye mama yao? Mama hajui wanawe?” Akacheka peke yake. Mama Mbu akaomba wageni waonyeshwe masanduku tu, mbu wapimwe kwanza, hata kesho. Kicheko kikakatika.

“Kesho gani? Wako getini. Unajua ni wangapi huko nje wanaoomba mkono wao uingie humo?”

Akatoka. Nje matarumbeta yakapigwa, makofi yakafuata.

Mama Mbu akakunja mkono wa koti. Sanduku la kushoto, hapana. La kati. Akalisogeza, akalirudisha, akalichukua tena. Mtoto akageuka tumboni, naye akabana pumzi kana kwamba wangemsikia.

Kioo kikajaa nyuso. Mgeni rasmi alikuwa amezungusha kipande cha utepe kidoleni kama pete, bado kina fundo, lile alilolifunga Mama Mbu. Akampungia nacho. Nyuma yake, mkurugenzi akajigusa pembe za mdomo kwa vidole viwili: tabasamu.

Mama Mbu akatabasamu, akatia mkono. Mbu wa kwanza akatua.