Alama za Khisa

Mwalimu Kibiwott, wa chuo kimoja mjini Kitale, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ijumaa moja mwaka wa 2006 aliwagawia wanafunzi karatasi waende nazo nyumbani. Kila mmoja awape wenzake wa kikundi alama za kazi waliyofanya, kwa siri, moja hadi kumi, na ajipe na yeye mwenyewe. Atakayedanganya, alisema, atapoteza alama kumi. Kisha akaenda kunywa chai.

Nafisa hakuwa na alama kumi za kuchezea. Alikuwa anarudia somo hilo, na mjomba wake wa Bungoma alikwishasema: akianguka tena, arudi dukani kupima sukari.

Kikundi chao kilikuwa cha watu watatu. Yeye na Wilkista walikuwa wameshinda siku tatu katika soko la Chwele wakiwahoji wauza vitunguu, jua likiwachoma utosi. Khisa, ambaye Chwele ni kwao, alitokea siku ya mwisho, akauliza kama wamemaliza, akafurahi sana kusikia wamemaliza. Uvivu wa namna hiyo unahitaji kipaji.

Lakini siku hiyo hiyo aliwapeleka kwa mama yake. Mama alikamata kuku, akaitazama hijabu ya Nafisa, akatoka na kuku kwapani mpaka kwa jirani Mwislamu, mwendo wa nusu saa, ili huyo amchinjie. Alirudi anahema.

"Sasa kula, binti yangu," alisema. "Hii utakula bila wasiwasi."

Ukishafanyiwa hivyo, mtoto wa mtu utampa moja kwa mkono gani? Nafisa alimwandikia Khisa nane. Wilkista, aliyekula mapaja yote mawili, alimwandikia moja wala hakupepesa macho.

Jumanne Kibiwott alimwita Nafisa ofisini, akamwonyesha karatasi ya Khisa. Mbele ya jina lake mwenyewe, Khisa alikuwa ameandika moja.

"Yeye anasema hakufanya kazi. Wewe unasema alifanya. Nani anadanganya?"

Kibiwott alitoa kumi katika alama za Nafisa, akajumlisha, akafunika kalamu. Nafisa alikuwa ameanguka kwa alama tatu.

Alimkuta Khisa barazani.

"Si ungejipa hata tano, bana?"

"Mimi nilikuwa nataka kujipa kumi," Khisa alisema. "Mama akakataa. Ati wewe ndio ulichomwa na jua, nisikuharibie na uongo wangu."