Mashine Imekufa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinyozi aliupenda msemo huo, lakini Jumamosi, benchi la wateja likijaa, akili zote mle kibandani zilikuwa zimenyolewa mtindo mmoja.

Waliosemwa ni watu wa bondeni. Walikuwa wachache, walihamia enzi za babu zao, na bado waliitwa wa kuja. Jumamosi hiyo mwenye bucha alisema vichwa vyao vina ukurutu, na mashine iliyopita huko isimkaribie hata sikio. Benchi zima likacheka. Kinyozi naye akacheka, na Mungu anajua hakuona cha kuchekesha.

Maana fundi redio, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa mtu wa bondeni. Kila Jumatatu, kibanda kikiwa kitupu, alikuja kunyolewa, wakapiga soga hadi chai ikapoa. Mke wa kinyozi alipofariki, ni fundi aliyekaa naye msiba mzima. Waliitana pacha, na watoto wa fundi walimwita kinyozi baba mkubwa.

Kicheko hakijaisha, fundi akasimama mlangoni. Binti yake alikuwa anaolewa kesho, na alitaka kichwa safi. Kiti kilikuwa wazi. Mteja aliyetoka kunyolewa alikuwa bado anajifuta shingo. Mwenye bucha akaitazama mashine, kisha akamtazama kinyozi.

"Mashine imekufa, mzee," kinyozi alisema.

Mzee! Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. Fundi akampa pole, akaondoka, na kinyozi akashusha pumzi kama mwizi aliyepitwa na askari.

Punde fundi akarudi na mkoba wake wa vifaa.

"Siwezi kukuacha hivi na wateja wote hawa, pacha."

Akaichukua mashine. Ilikuwa bado ya moto kwa kazi, na nywele za mteja aliyetangulia zimenasa kwenye meno yake. Fundi akazipangusa kwa kidole. Akalitazama benchi, akamtazama rafiki yake, kisha akainama, akakaza skrubu iliyokuwa tayari imekazwa.

"Waya ulilegea," alisema. "Imepona."

Akaiwasha, ikanguruma. Kiti bado kilikuwa wazi. Kaa nikunyoe, pacha: maneno hayo yalimfika kinyozi ulimini, akayameza. Fundi alifunga mkoba wake, akawaaga wote kwa adabu, akaenda zake.

Harusini kinyozi alikuwa amealikwa. Hakwenda; uso angeuweka wapi?

Jumatatu fundi hakuja, wala iliyofuata. Badala yake alikuja mwenye bucha, peke yake, akakaa kitini, na akinyolewa akauliza kwa sauti ya chini yule fundi yuko wapi. Redio yake ilikuwa haisemi, na hakuna fundi mwaminifu kama yule. Kinyozi akaizima mashine.

"Mbona siku ile ulisema vile?"

"Ningesemaje? Ndiyo maongezi ya benchi." Mwenye bucha akajikuna kidevu. "Nilidhani wewe, rafiki yake, ungenikataza. Na wewe ukacheka."

Jioni hiyo kinyozi alipita kwa mpiga picha, akaiona picha ya harusi dirishani. Bwana harusi alikuwa anatabasamu. Kando ya bibi harusi alisimama baba yake, ambaye maisha yake yote hakupenda kuvaa kofia. Alikuwa amevaa kofia, kaishusha hadi masikioni.