Mipini Miwili Isiyokauka

Mipini sita ya fimbo za kuvulia samaki ilining'inia kwenye waya mbele ya dirisha la karakana, na minne kati yake ilikuwa imekauka. Felician aliigonga kwa ukucha, ikalia kavu. Miwili ya mwisho ilimnasa kidole. Tena kila mmoja ulikuwa na alama nne ndefu ubavuni, kana kwamba mtu ameushika vanishi ikiwa mbichi. Akajaribu kulaza vidole vyake juu ya alama zile, vikapwaya. Mkono ule ulikuwa mkubwa kuliko wake, na ufunguo wa karakana ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa mfukoni mwake.

"Bado?" aliuliza Xavery, mkuu wa karakana ya shamba la ngano, akichungulia mlangoni. Bwana huyu alifundishwa kuvua kwa fimbo na wataalamu wa kigeni waliokuja na matrekta ya ngano, na tangu hapo yeye alimwona kila mwenye wavu kuwa mshamba.

"Miwili inasumbua, bwana mkuu. Unyevu."

"Felician, Jumamosi wageni wa wizara wanakwenda ziwani Basotu. Nitawaambia samaki wasubiri vanishi yako?"

Unyevu! Kiangazi kile kilikuwa kinapasua midomo. Kwa wiki mbili alikuwa amepiga msasa hadi mti ukabaki mtupu, akaufuta kwa petroli, akapaka mpako wa kwanza mwepesi uliozimuliwa kwa tapentaini, akasubiri siku nzima, ndipo akapaka wa pili. Alirudia yote mara tatu. Kwa miaka kumi na minane ya useremala, tangu alipokuwa kwao Dongobesh, mti haukuwahi kumkatalia hivyo.

Mchana, mkewe Efrazia alipokuwa akimnawisha mikono kabla ya chakula, alisita na jagi hewani.

"Baba Zita, mikono yako inanuka siagi. Umekamua ng'ombe wa nani?"

Felician alicheka. Kisha kicheko kikamkauka, akavinusa vidole vyake.

Alijua ameutoa wapi mti wa mipini ile miwili. Hakudanganywa na mtu. Mwaka uliopita, tingatinga lilipokuwa likisafisha konde jipya, lilisawazisha kichuguu kirefu kuliko mtu, kaburi ambalo Wabarbaig, wafugaji wa pale, walikuwa wamemjengea mzee wao kwa udongo na miti. Felician alikuwa huko akitengeneza tela. Kwenye lundo la takataka aliona mti mmoja mnene, mzito, laini kama ulioshikwashikwa miaka mingi, akautamani. Akaufunga nyuma ya baiskeli. Na kwa kuwa fundi hupima hata asichotumwa, alihesabu hatua kutoka pale hadi kwenye kigingi cha mpimaji: mia moja na arobaini, kilele cha mlima Hanang kikiwa mgongoni.

Sasa alielewa. Watoto wa marehemu, kwa desturi yao, waliupaka mti wa kaburi siagi miaka nenda miaka rudi, ikaingia hadi moyoni mwa mti. Vanishi haishiki juu ya mafuta. Hiyo ndiyo sababu ya kifundi, na kwa dakika chache ilimpa nafuu. Lakini siagi haina vidole.

Kulikuwa na mzee mmoja, Gidahosh, aliyekuja getini kila wiki akiwa na swali lilelile: "Baba yangu mmemweka wapi?" Konde lilikuwa tambarare, na ngano haina kona. Mama yake Gidahosh alikuwa anazeeka vibaya, akitaka kukaa kaburini kwa mumewe mara moja tu kabla macho hayajafumba. Walinzi walimfukuza. Felician alikuwa akimwamkia juu ya baiskeli, kisha akikanyaga pedali kwa nguvu. Angesema nini? Kwamba yeye, mwenye nyumba ya shamba na mtoto shuleni, ndiye pekee aliyejua, na alijua kwa sababu aliiba? Aliogopa, na woga ule ulikuwa umemlisha mwaka mzima.

Siku ile, mzee alipofika tena, Felician alishusha mipini miwili kutoka kwenye waya, akatoka nayo hadi getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimpa. Gidahosh aliinusa, akafumba macho, akainusa tena. Mikono yake ilikuwa mikubwa. Felician akatazama pembeni.

"Umekata," alisema mzee.

"Nimekata, mzee. Nisamehe."

"Umetengeneza kitu gani?"

"Mpini. Wa kuvulia samaki."

Gidahosh aliigeuza mipini mikononi. "Baba hakula samaki," alisema. "Mahali. Nionyeshe mahali."

Walizunguka mpaka wa shamba hadi kwenye kigingi, wakaingia. Ngano iliwafika kiunoni. Felician alielekea kilele cha Hanang akihesabu kwa sauti, akihofu kwamba hatua za mtu mwenye hofu ni fupi kuliko hatua za mwizi. Alipofika mia moja na arobaini alisimama.

"Hapa kabisa," aliuliza mzee, "au karibu na hapa?"

Angependa sana kusema karibu.

"Hapa."

Gidahosh aliinama, akashika udongo kwa viganja viwili, akaongea nao polepole kwa lugha yake. Kisha akainuka.

"Simama hapo. Usitoe mguu. Mimi nakwenda kumleta mama."

Akaondoka, na ngano ikajifunga nyuma yake pasiwe na njia. Haikupita saa, Landrova ya walinzi ikasimama kando ya konde ikipiga honi, na Xavery akashuka.

"Felician! Una wazimu? Unakanyaga ngano ya serikali! Toka humo sasa hivi, la sivyo kazi huna!"

Felician alibaki palepale.

"Siwezi, bwana mkuu," alijibu. "Nikisogea, atapotea tena."